Mholi katika Bustani za Uingereza: Malisho, Ua, Jani na Tunda

Mholi ni mti usiopukutisha majani wakati wa baridi, unaoota wenyewe katika misitu ya magharibi na kusini mwa Ulaya, kaskazini-magharibi mwa Afrika na sehemu za kusini-magharibi mwa Asia. Jina lake la kitaalamu ni Ilex aquifolium. Majani yake ni magumu, ya kijani kilichokolea, yanang'aa, na kingo zake zina miiba. Maua yake ni madogo, meupe, yenye petali nne. Vitunda vyake vya mviringo huiva na kuwa vyekundu mwishoni mwa mwaka, wakati ambapo miti mingi ya Ulaya imebaki mifupa mitupu. Wasomaji wengi wa Kiswahili wamekwisha kuuona bila kuujua jina: ndilo lile tawi la miiba na matunda mekundu linalochorwa kwenye kadi za Krismasi, na ambalo huigwa kwa plastiki kwenye mapambo ya maduka ya Nairobi na Dar es Salaam kila Desemba.

Mti huu una ndugu wengi. Jenasi ya Ilex ina spishi mia kadhaa duniani. Mmojawapo, Ilex paraguariensis wa Amerika Kusini, ndio unaotoa majani ya kinywaji kiitwacho mate. Mwingine, Ilex mitis, ni mti wa asili wa Afrika unaoota kando ya mito na katika misitu ya milimani, ikiwemo ya Kilimanjaro, Usambara na Aberdare. Nao huzaa vitunda vyekundu vinavyopendwa na ndege, ila majani yake hayana miiba ya kutisha. Lakini spishi iliyoandikwa sana katika vitabu vya bustani ni ile ya Ulaya, na nchi iliyoitunza kwa bidii kuliko nyingine ni Uingereza.

Kadi za Krismasi zimewafanya watu wauone mholi kuwa ni mti wa matunda. Historia yake inasema vingine. Watu waliuthamini kwanza kwa majani, kama chakula cha mifugo; kisha kwa miiba, kama ua; kisha kwa rangi za majani, kama pambo la bustani. Tunda, ingawa lilisifiwa tangu zamani, lilikuwa la mwisho kuwa sababu ya mtu kwenda kwenye kitalu na kununua mche.

Katika vilima vya Pennine, kaskazini mwa Uingereza, majira ya baridi yalikuwa msimu wa njaa kwa kondoo na ng'ombe. Majani makavu hayakutosha, na turnipu zilikuwa bado hazijaanza kulimwa kwa ajili ya mifugo. Mholi ulikuwa miongoni mwa mimea michache iliyobaki na majani mabichi, tena yenye lishe nzuri. Wafugaji walikata matawi ya juu na kuyatupa chini. Kondoo walikula majani kwanza, kisha wakaguguna gome mpaka kijiti kikabaki cheupe. Abraham de la Pryme, kasisi aliyeandika shajara mwishoni mwa karne ya 17, alieleza desturi hiyo katika maeneo ya Bradfield na Derbyshire. Katika eneo la Sheffield vichaka vya miholi vilikodishwa kwa wafugaji kama yanavyokodishwa malisho, na jina la Hollins, ambalo bado ni la vijiji na mashamba mengi ya kaskazini, limetokana na vichaka hivyo.

Kukata matawi ya juu kulikuwa na sababu yake. Mholi huota majani yenye miiba mikali kwenye matawi ya chini, pale mnyama anapofika kwa mdomo. Juu ya kimo hicho majani mengi huwa na kingo laini. Utafiti wa Carlos Herrera na Pilar Bazaga nchini Hispania, katika miaka ya 2010, ulionyesha kwamba majani ya aina zote mbili juu ya mti mmoja yana jeni zilezile, ila alama za kikemia zilizobandikwa kwenye DNA yake hutofautiana, na miiba huongezeka pale ambapo mbuzi na paa wamekula. Mfugaji wa karne ya 17 hakuhitaji maabara kulijua hilo. Mikono yake ilimtosha.

Kilimo cha turnipu na uhifadhi bora wa majani makavu viliua desturi hiyo katika karne ya 18. Mabaki yake yapo. Kwenye mteremko wa Stiperstones, mkoa wa Shropshire, kuna kichaka cha miholi mizee, mingine ikikadiriwa kuwa na miaka 300 hadi 400, imesimama mbalimbali kwenye majani mafupi yaliyokwanguliwa na kondoo, mashina yake yamepinda na kuwa na mashimo.

Matumizi mengine yalikuwa madogo ila ya kudumu. Gome lilichemshwa, likaozeshwa na kutwangwa kuwa ulimbo wa kunasia ndege, jambo ambalo sasa ni marufuku kisheria. Fito zake zilizonyooka zilifanywa mipini ya mijeledi ya waendesha magari ya farasi. Mbao zake, nyeupe karibu kama pembe ya ndovu na nzito sana, zilitumiwa kwa nakshi za samani na kete za sataranji; zikitiwa rangi nyeusi, ziliuzwa badala ya mpingo. Juu ya hayo palikuwa na imani. Plinio Mkubwa, mwandishi wa Kirumi wa karne ya kwanza, aliandika kwamba mholi ukipandwa nyumbani huzuia uchawi, na katika sehemu nyingi za Uingereza kuukata mti mzima kulihesabiwa kuwa mkosi. Ndiyo maana hadi leo, mahali ambapo ua wa shamba umefyekwa usawa wa kifua, miholi huonekana imeachwa ikichomoza juu yake peke yake.

Mtu aliyeuingiza mholi bustanini kwa maneno na kwa vitendo ni John Evelyn, aliyezaliwa mwaka 1620 na kufariki mwaka 1706. Evelyn alikuwa mmoja wa waanzilishi wa Royal Society, chama cha wanasayansi cha London. Mwaka 1662 wakuu wa jeshi la majini walikiuliza chama hicho la kufanya kuhusu uhaba wa mbao za meli, kwani misitu ilikuwa imekatwa ovyo wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Jibu la Evelyn lilikua likawa kitabu, Sylva, kilichochapishwa mwaka 1664 na kurudiwa mara kadhaa akiwa hai. Kitabu hicho kilihusu hasa mialoni na miti mingine ya mbao, lakini mwandishi alipofika kwenye mholi lugha yake ilibadilika. Aliuandikia kama mtu anayeuandikia mpenzi.

Sababu ni kwamba alikuwa nao nyumbani. Kwenye makazi yake ya Sayes Court, huko Deptford kando ya mto Thames, Evelyn alikuza ua wa miholi wenye urefu wa futi 400, kimo cha futi 9 na unene wa futi 5, yaani takriban mita 120 kwa 2.7 kwa 1.5. Hapa na pale aliacha miti irefuke juu ya ua, ikae kwa nafasi sawa na kuzaa matunda. Aliusifu kwamba haujali hali ya hewa, mnyama wala mwizi. Sifa hiyo ya mwisho haikuwa ya kishairi. Ua wa miti mikavu uliibwa kila majira ya baridi na maskini waliotafuta kuni. Ua wa miholi hai haukuibika.

Maelekezo yake ya ukuzaji yanaonyesha mtu aliyechafua mikono. Matunda yachumwe yanapokaribia kudondoka, yapondwe na kuoshwa mpaka ute wote utoke, kisha mbegu zikaushwe kwa kitambaa. Au zifukiwe kwanza zikae kwenye mchanga wenye unyevu. Miche ihamishwe baada ya miaka mitatu au minne. Asiyetaka kusubiri achukue miche iliyojiotea msituni. Uvumilivu huo ulikuwa wa lazima. Mbegu ya mholi huanguka ikiwa haijakomaa kwa ndani; huhitaji kupitia joto na baridi ardhini, na mara nyingi haichipui mpaka miezi 16 au 18 ipite, wakati mwingine zaidi. Mkulima asiyejua hilo hulima upya tuta lake akidhani mbegu zimekufa, na hivyo ndivyo vitalu vingi vilivyopotea.

Ua wa Sayes Court ulipata umaarufu kwa sababu nyingine. Mwaka 1694 Evelyn alihamia kwa ndugu yake huko Wotton, na nyumba ya Deptford ikapangishwa kwa John Benbow, ofisa wa jeshi la majini. Mapema mwaka 1698 Tsar Peter wa Urusi alifika London kujifunza uundaji wa meli, na kwa kuwa Sayes Court ilikuwa jirani na kiwanda cha meli cha kifalme, alipewa akae humo na watu wake. Walikaa miezi mitatu hivi. Walipoondoka, Christopher Wren, mjenzi wa kanisa la St Paul's, na George London, mtunza bustani wa mfalme, walitumwa kukagua uharibifu: madirisha, samani, vitanda, picha na bustani. Evelyn alilipwa fidia ya zaidi ya pauni 150 kutoka hazina.

Hadithi inayosimuliwa tangu hapo ni kwamba Tsar alipenda kuketi kwenye toroli na kusukumwa na wenzake moja kwa moja ndani ya ua wa miholi. Ni hadithi tamu, na huenda ina chembe ya ukweli, lakini maneno ya Evelyn mwenyewe hayaungi mkono sehemu yake ya pili, ile isemayo kwamba ua uliangamia. Katika toleo la mwisho la Sylva alilolisimamia, la mwaka 1706, analalamika kwamba bustani yake imeharibiwa na Tsar, na katika sentensi hiyohiyo anajigamba kwamba ua bado anaweza kumwonyesha mtu wakati wowote wa mwaka. Kati ya Tsar mwenye kimo cha mita mbili na ua wa miholi wenye umri wa miongo minne, yaelekea aliyeumia ni Tsar.

Watu wenye ardhi walimfuata Evelyn. Aliyefika mbali zaidi ni Thomas Hamilton, mwinyi wa Haddington, ambaye mwanzoni mwa karne ya 18, akihimizwa na mkewe Helen Hope, alipanda misitu na nyua katika shamba lao la Tyninghame, mashariki mwa Scotland. Eneo hilo lilipigwa na upepo mkali wa bahari, na jirani wengi walidhani hakuna mti utakaosimama. Nyua za miholi za Tyninghame zilifika urefu wa karibu kilomita 3 kwa jumla, na baadhi ya sehemu zake zilipita kimo cha mita 7. Kwa karne moja na zaidi wageni walikwenda kuzitazama kama watu wanavyokwenda kutazama kasri.

Hata hivyo, katika ua wa mashamba ya kawaida mholi ulishindwa. Kati ya katikati ya karne ya 18 na katikati ya karne ya 19 Bunge lilipitisha sheria maelfu za kugawa na kuzungushia ua ardhi zilizokuwa za pamoja, na wenye ardhi walitakiwa kuweka ua kwa haraka na kwa gharama ndogo. Mholi hukua sentimita 20 au 30 kwa mwaka ukiwa na bahati. Mti mwingine wa miiba, hothoni, hukua kwa kasi zaidi na miche yake iliuzwa kwa bei ya kutupa. Ndio uliojaza nyanda za Uingereza. Ua wa miholi ukabaki kuwa dalili ya mtu mwenye fedha na asiye na haraka. (Katika nyanda za juu za Kenya, ambako baadaye Waingereza walikuja kulima, ua wa miiba uliotamalaki ni wa kayaba, mti wa kusini mwa Afrika, nao huwekwa kwa sababu zilezile alizozitaja Evelyn.)

Wakati wakulima wakiuacha, wenye vitalu walikuwa wameugundua upande wake mwingine. Mholi hutoa, mara chache na kwa bahati, tawi ambalo majani yake yana kingo za manjano au nyeupe. Tawi kama hilo haliwezi kuzalishwa kwa mbegu, kwani mbegu zake huota mti wa kijani tu. Lakini chipukizi lake likibebeshwa kwenye shina la mche wa kawaida, linaendelea na rangi yake. Kufikia mwishoni mwa karne ya 17 wenye vitalu wa London walikuwa na orodha ndefu za miholi ya rangi, kila mmoja na jina, mara nyingi la aliyeupata. Palikuwepo pia mholi wa kalunguyeye, ambao miiba yake haiko kwenye kingo peke yake bali imetapakaa juu ya uso wa jani. Huu ni miongoni mwa aina za zamani kabisa zinazolimwa hadi leo.

Mtindo huo ulipanda na kushuka. Bustani za wakati huo zilijaa miti iliyokatwa kwa mikasi ikawa mapia, matufe na wanyama. Mwaka 1713 mshairi Alexander Pope aliandika makala ya kuikejeli miti ya namna hiyo, na wabunifu wa bustani wakaanza kupendelea nyasi, maji na miti iliyoachwa ikue kwa umbo lake. Philip Miller, msimamizi wa bustani ya dawa ya Chelsea na mwandishi wa kamusi kubwa ya watunza bustani iliyotoka mwaka 1731, aliieleza miholi ya rangi kama kitu kilichokwisha kupitwa na wakati.

Ilirudi kwa kishindo katika enzi ya Malkia Victoria, na sababu kubwa ilikuwa moshi. Miji ya viwanda ilifunikwa na masizi ya makaa ya mawe, na miti mingi ya kijani ya kigeni ilikufa. Jani la mholi, kwa unene na utelezi wake, lilivumilia. Viunga vya Manchester, Sheffield na London vikajaa vichaka vya miholi mbele ya nyumba, mingi ikiwa ya rangi ili kuchangamsha mwanga hafifu wa majira ya baridi. Aina maarufu ya Handsworth New Silver, yenye majani marefu ya kingo nyeupe, ilitoka katika kitalu cha Handsworth, Sheffield, katikati ya moshi huohuo. Katika miaka ya 1870 mtaalamu wa mimea Thomas Moore aliandika mfululizo wa makala katika gazeti la The Gardeners' Chronicle akijaribu kuzipanga aina hizo, kazi iliyohitajika kwa sababu majina yalikuwa yamevurugika kabisa. Kila muuzaji alikuwa na lake.

Kundi jingine lilizaliwa katika kasri. Mholi wa visiwa vya Madeira na Azores, Ilex perado, una majani mapana na haupendi baridi kali, kwa hiyo Waingereza waliukuza kwenye vyungu, ukiingizwa ndani ya jumba la vioo wakati wa baridi na kutolewa nje wakati wa maua. Nyuki wakafanya yao. Mapema katika karne ya 19 miche iliyotokana na mchanganyiko wake na mholi wa kienyeji ilikuzwa Highclere, kasri la ukoo wa Carnarvon huko Hampshire, ambalo sasa linajulikana zaidi kwa tamthilia ya televisheni ya Downton Abbey. Machotara hao, wanaoitwa Ilex × altaclerensis, wana majani makubwa, miiba michache na mbio zaidi ya kukua, na ni wavumilivu wa upepo wa bahari.

Matunda yamefuata njia yake. Kupamba nyumba na makanisa kwa matawi mabichi wakati wa Krismasi ni desturi ya zamani Uingereza. John Stow, katika kitabu chake cha historia ya London cha mwaka 1598, anasema nyumba zote na makanisa yote yalipambwa kwa mholi, ivi na majani mengine ya msimu, na anataja kwamba mwaka 1444 dhoruba iliung'oa mti uliosimikwa barabarani Cornhill na kugongomewa mholi na ivi kwa furaha ya watu. Miaka 200 baadaye mtaa huohuo ulishuhudia mholi ukiwa chombo cha siasa. Mwaka 1647 Bunge lililotawaliwa na Wapuritani lilipiga marufuku Krismasi. Siku ya sikukuu yenyewe vijana wanagenzi walipanda juu ya jengo la maji la Cornhill na kulipamba kwa mholi na ivi. Meya wa London akapeleka watu kuyashusha mapambo, na vurugu zikatokea. Canterbury hali ilikuwa mbaya zaidi: watu walitundika mholi milangoni, maduka yaliyofunguliwa yakavunjwa, na mji ukawa mikononi mwa waasi kwa siku kadhaa.

Lakini mholi wa Cornhill na Canterbury ulitoka msituni na kwenye nyua za mashambani. Hakuna aliyeupanda kwa ajili ya Krismasi. Ilipofika karne ya 19, miji ikiwa imevimba, tawi la mholi likawa bidhaa. Henry Mayhew, aliyechunguza maisha ya wachuuzi wa London katikati ya karne hiyo, alitenga sehemu nzima kwa uuzaji wa matawi ya Krismasi mitaani, na hakuficha kwamba sehemu ya mzigo ilikatwa usiku kwenye mashamba ya watu. Tenbury Wells, mji mdogo wa Worcestershire, ukawa na mnada wake wa mholi na kirukia, ambao tangu karne ya 19 hufanyika mwishoni mwa Novemba na mwanzoni mwa Desemba. Matita hupangwa chini kwa mistari, na wanunuzi hupita wakiyainua. Tita lenye matunda mengi hupata bei nzuri. Lisilo na matunda huambulia kidogo.

Hapo ndipo swali lililokuwa la wanasayansi likawa la kila mtu: kwa nini baadhi ya miholi haizai kamwe? Jibu ni kwamba mholi, kama mpapai, una miti dume na miti jike. Jambo hilo halikuwa wazi kama linavyosikika. Ua la mti jike lina stameni nne zinazoonekana nzima ila hazina chavua, na ua la mti dume lina ovari kavu isiyofanya kazi. Linnaeus mwenyewe, alipoiorodhesha mimea ya dunia mwaka 1753, aliuweka mholi katika kundi la mimea ambayo kila ua lina sehemu zote mbili.

Aliyelieleza jambo hilo kwa mvuto zaidi ni Charles Darwin, katika sura ya nne ya kitabu chake cha mwaka 1859 kuhusu asili ya spishi. Aliukuta mti jike yadi 60 kamili, yaani mita 55 hivi, kutoka kwa mti dume. Alichuma maua 20 kwenye matawi mbalimbali na kuyatazama kwa hadubini: yote, bila kukosa hata moja, yalikuwa na chembe za chavua. Kwa siku kadhaa upepo ulikuwa umevuma kutoka kwa mti jike kwenda kwa mti dume, kwa hiyo haukuweza kuileta chavua. Hali ya hewa ilikuwa ya baridi na tufani, mbaya kwa nyuki. Na bado nyuki walikuwa wameifanya kazi, wakiruka mti kwa mti kutafuta nekta.

Wenye vitalu hawakujisumbua na Darwin. Aina ya Golden King, yaani mfalme wa dhahabu, iliyopatikana Edinburgh mwaka 1884, ni mti jike na huzaa. Golden Queen na Silver Queen, malkia wawili, ni miti dume na haitazaa hata tunda moja. Wanunuzi wamekuwa wakilalamikia jambo hilo tangu hapo, wala hakuna aliyethubutu kuyabadilisha majina. Asiye na nafasi ya miti miwili hushauriwa kununua J.C. van Tol, aina ya Kiholanzi ya mwanzoni mwa karne ya 20 ambayo huzaa bila dume na karibu haina miiba.

Utunzaji wa mholi leo haujaachana sana na ule wa Evelyn. Mti hukubali udongo wa aina nyingi, uwe wa tindikali au wa chokaa, ilimradi maji yasituame. Hustahimili kivuli, lakini hutoa maua na matunda zaidi juani. Kwa kuwa mche wa mbegu hukaa miaka mingi kabla ya kuonyesha jinsia yake, karibu miche yote ya kuuzwa sasa hutokana na vipandikizi vinavyokatwa kuanzia mwishoni mwa kiangazi na kuchomekwa kwenye mchanga wenye unyevu. Mholi hauchukui uhamisho kwa wema. Mche hupandwa ukiwa mdogo, pamoja na bonge la udongo wake, na ukishtuka hupukutisha majani, jambo linalotisha kuliko linavyodhuru. Kwa ua, miche huachiana sentimita 45 hadi 60. Hupogolewa mwishoni mwa kiangazi, na ua hukatwa ukiwa mpana chini kuliko juu ili mwanga ufike kwenye matawi ya chini. Ua uliozeeka unaweza kukatwa kwa nguvu, ukachipua tena hata kwenye mbao kuukuu. Kwenye miholi ya rangi, tawi lolote linalorudi kuwa kijani tupu huondolewa mara moja, kwani likiachwa huutawala mti.

Adui ni wachache. Nzi mdogo, Phytomyza ilicis, hutaga kwenye jani, na funza wake huchimba ndani yake na kuacha mabaka ya njano na kahawia. Mabaka hayo huchukiza macho, ila hayaui mti. Ukungu wa Phytophthora ilicis huleta madoa meusi na kukausha vijiti wakati wa baridi yenye unyevu. Viwavi wa kipepeo mdogo wa samawati hula vitumba vya maua, na watunza bustani wengi huwaachia. Mshindani mkubwa wa mwenye bustani ni ndege. Aina moja ya mkesha hujitwalia mti wenye matunda na kuwafukuza ndege wengine majira yote ya baridi. Ukipata mlinzi wa namna hiyo, mti hubaki mwekundu hadi masika, usipompata hukombwa kwa siku chache. Anayeyataka matunda kwa Krismasi hufunika matawi kwa wavu mapema. Kwa binadamu tunda ni sumu: mtoto akila machache hutapika na kuharisha, na ni vema mti usipandwe pale watoto wadogo wanapocheza.

Waingereza waliouchukua mholi kwenda nao ng'ambo waliuona ukitenda mambo mawili tofauti. Oregon na Washington, pwani ya magharibi ya Marekani, ulistawi katika mashamba yaliyosafirisha matawi ya Krismasi kwa reli hadi miji ya mashariki. Ndege wakabeba mbegu hadi misituni, na leo katika bustani za umma za Seattle watu wa kujitolea huing'oa miholi kama magugu. Ulaya kwenyewe mholi umekuwa kipimo cha hali ya hewa. Mwaka 1944 mtaalamu wa Denmark, Johannes Iversen, alionyesha kwamba mholi hauishi mahali ambapo wastani wa joto la mwezi wa baridi kuliko yote unashuka chini kidogo ya nyuzi sifuri. Ramani zilizochorwa upya mwanzoni mwa karne ya 21 zimeukuta Denmark, kusini mwa Sweden na kwenye pwani ya Norway, katika maeneo yaliyokuwa nje ya mpaka huo wakati wa Iversen.